SOMO LA REDIO: NDOANA YA PILI KWA SAMAKI ANAYEKATA MKIA WA CHAMBO

Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya watu wazima ya pwani, na sasa limepigwa chapa ili wasiolisikia wapate kulisoma wenyewe, na waliolisikia walisome tena polepole, kidole kikifuata mstari. Katika masomo yaliyopita tulisoma barua, risiti na bei za dukani. Leo tutasoma juu ya kazi ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mimi, nayo ni uvuvi wa mshipi. Mimi ni mtu wa elimu, wala si nahodha. Haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwa wavuvi wa Unguja na katika vitabu vya elimu ya samaki, nikayapanga kwa utaratibu ili yaweze kufundishika. Ikiwa darasani yumo mzee ajuaye zaidi, na aseme, na mwalimu amsikilize.

Jambo lenyewe ni hili. Mvuvi ametoka alfajiri na ngalawa yake. Tanga limejaa upepo, na mshipi unakokotwa nyuma ya chombo. Chambo chake ni kibua mzima. Ghafla mshipi unashtuka mkononi, mara moja tu, kama kwamba mtu ameuvuta akauachia. Anauvuta, hasikii uzito wowote. Anaupandisha chomboni, na tazama: kichwa cha kibua kipo palepale kwenye ndoana, lakini nusu ya nyuma haipo, imekatwa sawasawa kama kwa kisu. Anatia chambo kingine, na mambo yanakuwa yale yale. Ifikapo saa nne ya asubuhi vibua wanane wamekwisha, na ndani ya ngalawa hakuna hata mkia wa nguru.

Vibua wale walinunuliwa kwa fedha. Chombo kina fungu lake, nahodha ana lake, na mabaharia wana yao, na siku hiyo mafungu yote ni sufuri. Nyumbani watoto wanangoja. Mvuvi huyu akirudi pwani atasema, "Leo baharini hakuna samaki." Lakini maneno hayo si kweli. Samaki walikuwapo, tena walikula vizuri. Ila walikula upande usio na ndoana.

Dawa ya jambo hili ni kutia ndoana ya pili upande ule wanaoula. Katika somo hili ndoana ya kwanza, inayoshika kichwa cha chambo, nitaiita ndoana ya mbele. Ile ya pili, inayofungwa kwa kipande cha waya na kufuata nyuma karibu na mkia, nitaiita ndoana ya nyuma. Zote mbili zimo katika chambo kimoja. Yafaa tuelewane hapa mapema, maana kuna mishipi mingine yenye ndoana mbili au tatu, ile ya kuteremsha chini kwa chubwi, ambayo kila ndoana ina kipande chake cha chambo. Hiyo ni kazi nyingine, na sababu zake ni nyingine.

Sasa tujiulize: kwa nini samaki akate mkia, asimeze chambo chote?

Tumtazame nguru, maana ndiye mwenye sifa kubwa ya tabia hii. Nguru ni samaki mrefu, mwepesi, mgongo wake wa buluu iliyoiva na ubavu wake wa rangi ya fedha wenye milia iliyosimama. Wengi wanaoletwa sokoni hawazidi sana mita moja, lakini wamepata kuvuliwa wenye zaidi ya mita mbili. Hula dagaa, vibua, ngisi na samaki wengine wadogo. Ukimfunua kinywa utaona meno bapa, ya pembetatu, yaliyojipanga kama meno ya msumeno. Meno ya namna hii hayakuumbwa kwa kushikilia kitu, yameumbwa kwa kukata. Basi nguru anapomfukuza samaki mkubwa kidogo, hana haja ya kumshika mzima. Humjia kwa nyuma kwa kasi na kumkata mkia. Samaki hujisukuma kwa mkia. Akikatwa mkia amekuwa kama chombo kisicho na tanga wala usukani. Hazami wala hakimbii, anazungukazunguka palepale. Kisha nguru hugeuka na kumla kwa nafasi.

Mzia naye ana meno ya kukata na hufanya mambo kama hayo. Lakini usidhani kila samaki yuko hivyo. Chewa hufungua kinywa chake kipana ghafla, na maji yanayoingia humvuta yule mdogo ndani mzima mzima. Jodari naye humeza samaki wadogo bila kuwakata vipande. Kwa samaki wa aina hii ndoana ya nyuma haina faida kubwa. Ni waya wa bure na usumbufu wa bure. Kwa hiyo mtu asiyejua ni samaki gani anayemla chambo chake asikimbilie kufunga ndoana ya pili. Kwanza atafute kujua.

Atajuaje, na samaki hajamwona? Atasoma. Ndiyo, atasoma, kama wewe unavyosoma ukurasa huu. Chambo kinachorudi ni kama barua. Nilimsikia mzee mmoja wa Nungwi, huko ncha ya kaskazini ya Unguja, akizungumza na kijana aliyekuwa akivuta ngalawa yake ufukoni. Kijana alimwamkia:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za huko?"

"Huko kukavu, babu. Leo sina bahati."

"Bahati tuiache. Chambo kimerudije?"

"Nimekitupa."

"Aa! Umeletewa barua, ukaichana kabla ya kuisoma."

Nilipomwomba mzee yule anifundishe kusoma barua hizo, alinieleza kama ifuatavyo. Chambo kikirudi kimekatwa mara moja, ukingo wake ukiwa sawa, hiyo ni kazi ya nguru au mzia. Kikirudi kizima lakini ubavuni kina mikwaruzo iliyofuatana, samaki alikishika akakiachia. Pengine aliona waya, pengine alisikia uzito, pengine hakuwa na njaa sana. Kikirudi kimedonolewa vishimo vidogo vidogo, hasa tumboni, hapo pana samaki wa vinywa vidogo, na shauri lao tutalizungumza baadaye. Na kikiwa hakikurudi kabisa, usimsingizie samaki upesi. Yamkini chambo kilitiwa ovyo, nyama ikapasuka kwa mwendo wa chombo na kuanguka yenyewe.

Kuna jambo jingine la kutazama kabla ya kugusa waya, nalo ni ukali wa ndoana uliyo nayo. Weka ncha ya ndoana juu ya ukucha wa kidole gumba, uivute polepole bila kuikandamiza. Ikikwama katika ukucha, ni kali. Ikiteleza, ni butu, na samaki anayeuma kidogo hatanaswa na ndoana butu hata ukimfungia nne. Chukua tupa ndogo uinoe. Wavuvi wengi hununua ndoana mpya wakaziamini kwa kuwa zinang'aa. Kung'aa si ukali, na nyingine hutoka katika boksi zikiwa butu.

Tena, liko jaribio lisilogharimu hata senti moja. Mshipi ukishtuka na samaki asinaswe, usiuvute wote juu kwa hasira. Uachie urudi nyuma pima tatu au nne, chambo kilegee na kuzama kidogo. Huko chini kitaonekana kama samaki aliyekatwa mkia, naye nguru aliyemkata hutazamia kumkuta hivyo hivyo. Mara nyingi hurudi kuchukua kichwa kilichobaki, na ndani ya kichwa hicho imo ndoana ya mbele. Yule anayeuvuta mshipi mbio mbio humnyang'anya samaki chakula na kumfukuza.

Ikiwa umefanya haya yote, na bado vichwa vitupu vinarudi, basi wakati wa ndoana ya nyuma umefika.

Kwanza kuna kuchagua ndoana, na hapa kisomo kina kazi. Tazama boksi la ndoana dukani. Utaona namba. Nyingine ni namba tupu, kama 8, 6, 4, 2, 1. Katika namba hizi, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo: ndoana namba 8 ni ndogo kuliko ndoana namba 4. Nyingine zina mstari wa mshazari na sufuri, kama 1/0, 2/0, 3/0, 5/0. Hizi huanzia pale namba tupu zilipoishia, na hapa mambo yanageuka: 5/0 ni kubwa kuliko 2/0. Watu wengi wamerudi nyumbani na ndoana wasizozitaka kwa sababu ya mgeuko huu. Kadhalika jueni ya kuwa viwanda havilingani; 3/0 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko 3/0 ya kiwanda kingine. Soma namba, kisha tazama ndoana yenyewe kwa jicho.

Kwa chambo cha kibua wa kiasi, ndoana ya mbele yaweza kuwa 5/0, na ya nyuma iwe ndogo yake, kama 2/0 au 3/0. Ya nyuma haina kazi ya kubeba chambo. Kazi yake ni kumngoja samaki tu. Ikiwa kubwa, itauelemeza mkia chini, na chambo hakitakwenda kama samaki hai. Lakini isiwe dhaifu, maana pengine ndiyo itakayombeba nguru peke yake mpaka chomboni.

Huko Marekani, katika pwani za Florida na North Carolina, wavuvi wa jamaa yake nguru hutumia nyuma ndoana yenye ncha tatu. Hiyo hunasa upesi, sikatai. Lakini hunasa pia mwani, nyavu, nguo na vidole. Katika ngalawa nyembamba, watu wawili wamekaa goti kwa goti na mawimbi yanawarusha, mimi naona ncha moja yatosha.

Sasa waya. Kwa nini waya, wala si naironi? Kwa sababu ya yale meno ya msumeno. Naironi ikipita katikati ya meno ya nguru haitadumu. Tumia waya mwembamba usioshika kutu upesi, kwa kuwa waya mnene huonekana na samaki tena haukunjiki. Kati ya mshipi na ndoana ya mbele pia uwepo waya, kama shibiri mbili hivi.

Urefu wa waya wa nyuma ndio moyo wa somo letu, na hapa nataka uchukue kalamu. Wavuvi wengi hukata waya kwa kukisia, na kwa sababu hiyo ndoana inakuwa katikati ya tumbo, mahali ambapo nguru hapaumi, au inaning'inia nyuma ya mkia kama kijiti, na nguru anaiona mbele ya chambo. Tupime. Mlaze kibua juu ya ubao. Pima tangu ncha ya pua mpaka pale mkia unapogawanyika. Tuseme umepata sentimita 21. Tunataka ndoana ya nyuma ikae mwanzo wa theluthi ya mwisho, kwa sababu vichwa vinavyorudi vimekatwa hapo au nyuma kidogo. Theluthi moja ya 21 ni 7. Theluthi mbili ni 14. Basi kikunjo cha ndoana ya nyuma kitakuwa sentimita 14 kutoka puani.

Lakini ndoana yenyewe ina urefu wake. Ukiipima kutoka tunduni mpaka kwenye kikunjo, tuseme ni sentimita 3. Toa 3 katika 14, zinabaki 11. Ongeza sentimita 1 ya kulegea, na sababu yake nitaieleza. Inakuwa 12. Kisha kila ncha ya waya yahitaji sentimita 5 za kukunja na kusokota, na ncha ni mbili, basi ongeza 10. Jumla ni sentimita 22. Huo ndio waya wa kukata. Mwenye chambo cha sentimita 30 na afanye hesabu yake mwenyewe, na mwalimu aisahihishe. Asiye na futi rula atumie wanda na shibiri, ilimradi apime kwa mkono ule ule kila siku.

Kufunga si kugumu. Pitisha ncha moja ya waya katika tundu la ndoana ya mbele, lile tundu lenye waya mkubwa tayari. Usiufunge kwenye kikunjo cha ndoana hiyo. Utaziba mahali pa kunasia, na nguvu za samaki zitavuta upande. Kunja ncha irudi, acha kitanzi kidogo ili ndoana iweze kucheza, kisha sokota ncha juu ya waya mara tano au sita, misokoto ikibanana. Fanya hivyo hivyo kwa ndoana ya nyuma. Kipande kinachobaki kivunje kwa kukipindapinda mpaka kikatike karibu kabisa na msokoto. Ukikiacha kimechomoza kitakukata wewe kabla ya kumkata samaki.

Sasa tia chambo. Ndoana ya mbele ipite chini ya kidevu cha kibua na kutokea juu ya pua, ili kinywa kifungwe. Kinywa kikiwa wazi kitajaa maji na chambo kitayumba. Ndoana ya nyuma ichome kidogo tu chini ya ngozi ya mgongo, ncha ikitazama nje. Usiipitishe katika mfupa. Ukiizika ndani ya nyama haitamshika samaki, itashika chambo chako mwenyewe.

Na ile sentimita 1 ya kulegea? Sababu yake ni hii. Samaki aendapo hucheza mkia, kushoto na kulia. Ukiukaza waya, chambo kitapinda kama upinde, na kilichopinda majini huzunguka kama pia. Chambo kinachozunguka humtisha samaki, tena husokota mshipi wako wote. Kwa hiyo kabla hujauachia mshipi uende, kiburure chambo ubavuni mwa chombo kwa mkono, ukitazame. Kikienda sawa, tumbo chini na mgongo juu, kiachie. Kikizunguka, kipandishe, ongeza kulegea au chomoa ndoana ya nyuma uichome upya kidogo mbele. Dakika mbili za kutazama ni bora kuliko saa nzima ya kukokota kitu kinachofukuza samaki. Chombo kisiende mbio. Mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka watosha kwa chambo kilichokufa.

Mpaka hapa nimeeleza faida. Madhara nayo hayana budi kuelezwa, kwa maana somo lisilotaja madhara si somo, ni tangazo la duka.

Madhara makubwa ni kwa mkono wa mvuvi. Nguru aliyenaswa kwa ndoana ya nyuma huja chomboni na ndoana ya mbele ikiwa huru, inaning'inia katika waya. Akinaswa kwa ya mbele, ya nyuma ndiyo huru. Nguru ni samaki mwenye nguvu. Akipigapiga ndani ya chombo, ile ndoana iliyo huru hurushwa huku na huku, na mkono uliokwenda kumshika huchomwa. Hapo mtu na samaki wamefungwa pamoja kwa waya mmoja, na samaki haachi kurukaruka. Kwa hiyo usimshike nguru kwa mkono. Mpandishe kwa mti wenye kulabu, mpige kichwani kwa rungu mpaka atulie kabisa, kisha tafuta kwa macho ziko wapi ndoana zote mbili. Zihesabu kwa sauti: moja, mbili. Ndipo uguse. Mtoto asikae upande huo wa chombo. Na usizungushe mshipi kiganjani wakati wa kuvuta. Vidole vivalishwe vipande vya mpira wa baiskeli au kitambaa kigumu.

Ndoana ikikuingia na ncha yake ya kurudi nyuma imezama katika nyama, usiivute kwa nguvu, itararua. Kata waya, uiache ndoana mahali pake, uende kituo cha afya. Mwambie mganga ni lini ulichomwa sindano ya pepopunda. Pepopunda huingia kwa kidonda kidogo chenye uchafu, na huua. Yule anayejisifu kuwa amechomoa ndoana kwa meno yake, mwacheni na sifa zake.

Ziko hasara nyingine, ndogo kuliko hiyo. Waya na ndoana ya ziada ni fedha. Penye mwani mwingi unaoelea, ndoana mbili hukusanya majani mara mbili. Juu ya miamba, maji yakiwa haba, ndoana ya nyuma hushika mawe. Na ukiona kwamba wanaonaswa nyuma ni nguru wachanga tu, wa urefu wa mkono au pungufu, ujue kwamba umeangukia kundi la watoto, nao ndio waliokuwa wakidonoa kwa kuwa vinywa vyao havienei chambo chako. Geuza chombo uende kwingine. Nguru hao wakiachwa watakuja kuwa na uzito mkubwa, na pengine ni wewe utakayewavua.

Ndugu zangu mnaonunua na kukaanga samaki, hata kama hamjapata kushika mshipi, nanyi mna neno lenu hapa. Kabla ya kumkata nguru, fungueni kinywa na kutazama kooni na mashavuni. Mvuvi mwenye haraka huweza kukata waya na kuiacha ndoana ndani. Kuikuta kwa jicho ni afadhali kuliko kuikuta kwa kidole, au kwa ulimi wa mteja.

Nilisema tutarudi kwa samaki wa vinywa vidogo. Kwa hawa nitakuwa mfupi, kwa sababu dawa yao mara nyingi si ndoana ya pili. Kikande ana kinywa kidogo na meno magumu. Hudonoa chambo kipande kwa kipande mpaka ndoana inabaki tupu, na mvuvi hajasikia kitu. Kumwongezea ndoana kubwa ya pili ni kumwongezea sahani. Punguza ndoana, tumia ndogo yenye mguu mrefu, na kipande cha chambo kiwe kidogo na kigumu, kama nyama ya pweza, kisichopita upana wa ndoana. Changu naye wakati mwingine huvuta tu ncha ya kipande kirefu cha ngisi kinachoning'inia. Kabla hujamfungia ndoana ya nyuma, kikate kipande kile kiwe kifupi. Ikiwa kwa kufanya hivyo changu wakubwa hawaji tena, kwa kuwa wakubwa hupenda kipande kirefu, hapo ndipo ufunge ndoana ndogo ya pili kwenye ncha ya kile kipande, kwa naironi ya urefu wa wanda tatu au nne. Na tasi? Tasi ni mla majani ya baharini. Huyo mwachieni mwenye dema.

Sasa kazi ya darasa. Najua ya kuwa somo hili litaleta ubishi. Mmoja atasema ndoana ya nyuma yafaa, mwingine atasema babu zake walivua kwa moja na wakajenga nyumba. Ubishi wa namna hii hauishi kwa maneno, ila daftari laweza kuumaliza. Wavuvi wawili au watatu wa kila darasa na wakubaliane hivi. Chombo kimoja kitoke na mishipi miwili iliyo sawa, chambo cha namna moja, mmoja una ndoana ya nyuma na mwingine hauna. Safari ya kwanza mshipi wenye ndoana mbili uwe upande wa kulia wa chombo, safari ya pili uwe kushoto, na hivyo hivyo kwa zamu, ili mtu asiseme ni upande uliobahatika. Kila mkirudi, andikeni katika daftari siku hiyo hiyo kabla ya kulala: tarehe, maji ni ya bamvua au maji mafu, urefu wa chambo kwa sentimita, mara ngapi kila mshipi umeshtuka, mara ngapi chambo kimerudi kimekatwa, na kimekatwa sentimita ngapi kutoka puani, na samaki wangapi wamepatikana. Mshipi ukishtuka mara 5 na kupata samaki 2, andikeni 2 katika 5. Msiandike "wengi" wala "wachache".

Asiyeweza bado kuandika maneno yote achore mistari ya kuhesabia, na aliye pembeni yake amwandikie vichwa vya habari. Baada ya safari kumi yaleteni madaftari darasani. Mwalimu ataandika hesabu za mishipi yote miwili ubaoni, kila moja upande wake, hata ikiwa ule wa ndoana moja ndio uliopata zaidi.